Je, mwalimu astaafu mapema ili akaandike kitabu ukingoni mwa msitu?

Swali:

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina umri wa miaka 56, na nimefundisha Kiswahili na Historia tangu nilipotoka chuoni. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika madaftarini kumbukumbu za shule tulizosomea chini ya miti, na za walimu waliotufundisha ilhali wenyewe walikuwa wametoka darasa la saba juzi tu. Old Moshi juu, karibu kabisa na msitu, kuna kihamba cha marehemu baba, yaani shamba la urithi la nyumbani, chenye kibanda cha mbao ambacho hakikaliwi na mtu. Nimesoma habari za Thoreau, yule mwalimu wa Marekani aliyeacha kazi akaenda kuishi peke yake msituni na kuandika kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kote. Nataka kustaafu kwa hiari mwaka huu, nichukue mafao yangu, nihamie huko peke yangu, nile ndizi na maharage, nisisikie televisheni wala kelele, niandike. Mke wangu ana duka mjini na anasema nimechanganyikiwa. Mtoto mmoja bado yuko chuo. Nimechoka na watu, nimechoka na kengele. Je, huu ni ujinga? Kitabu kinaweza kumlisha mtu? Na je, inawezekana kuandika kitu cha maana bila kuondoka?"

Jibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Arusha. Kazi yangu ni uhariri wa vitabu, na sehemu kubwa ya miswada inayofika mezani kwangu imeandikwa na walimu waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, kwa hiyo barua yako haikunishangaza hata kidogo. Si ujinga, wala hujachanganyikiwa. Mtu aliyewasahihishia wengine insha kwa zaidi ya robo ya karne, na ambaye ana madaftari yaliyojaa mambo aliyoyaona kwa macho yake, ana kila sababu ya kutamani kuandika ya kwake. Tatizo ninaloliona ni kwamba umeunganisha maamuzi matatu, yaani kustaafu, kuhamia kihambani na kuandika kitabu, kana kwamba moja haliwezi kufanyika bila mengine mawili. Kila moja lina hesabu yake na hatari zake, na lile la kuandika ndilo linaloyategemea mengine kwa kiasi kidogo kuliko unavyodhani.

Nianze na huyo Mmarekani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuchorea picha unayoifuata, na picha hiyo haifanani sana na maisha aliyoishi. Ni kweli kwamba Henry David Thoreau alikuwa mwalimu. Alipomaliza masomo Harvard mwaka 1837 aliajiriwa katika shule ya umma ya mji wake wa Concord, jimboni Massachusetts, akaiacha kazi hiyo baada ya majuma machache alipotakiwa kuwachapa wanafunzi viboko (walimu watakaosoma haya watajijua wako upande gani). Baadaye aliendesha shule binafsi pamoja na kaka yake John, na shule hiyo ikafungwa mwaka 1841 kwa sababu ya ugonjwa wa John. Kwa hiyo alipohamia kando ya kidimbwi cha Walden mwezi Julai 1845, shule yake ilikuwa imefungwa miaka minne kabla. Alikuwa kijana wa miaka 27, hana mke, hana mtoto wa kulipiwa ada, wala hana pensheni ya kuhatarisha.

Wala hakuwa peke yake porini. Kiwanja kilikuwa mali ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, kilometa zipatazo mbili na nusu tu kutoka mjini, na reli ilipita karibu na maji yale. Alikwenda mjini mara kwa mara, alikula kwa wazazi wake, alipokea wageni. Kibanda alikijenga mwenyewe kwa dola 28 na senti 12 na nusu, na hesabu hiyo aliiandika kitabuni, senti kwa senti. Alikaa miaka miwili na miezi miwili, kisha mwezi Septemba 1847 akarudi kuishi na watu. Kitabu unachokitaja kilitoka mwaka 1854, miaka saba baada ya kuondoka kwake msituni, na katika miaka hiyo alikuwa amekiandika upya tena na tena, mara saba hivi kwa jumla. Muswada aliopambana nao zaidi akiwa kibandani ulikuwa wa kitabu kingine, kinachohusu safari ya mashua aliyoifanya na kaka yake. Hicho kilitoka mwaka 1849 kwa gharama zake mwenyewe. Zilichapwa nakala 1,000, na mwaka 1853 alirudishiwa nakala 706 ambazo hazikupata mnunuzi. Kilichomlisha katika miaka yote hiyo ni kazi ya kupima ardhi na kiwanda cha penseli cha familia yake.

Simwondolei heshima yake kwa kusema hivyo. Nadhani maisha yake halisi yanakufaa zaidi kuliko hadithi yake, kwa sababu yanakuonyesha mtu aliyejitenga kwa kipindi chenye mwanzo na mwisho, aliyebaki jirani na watu wake, na ambaye hakukitegemea kitabu kimlishe. Na kama unataka mfano wa karibu zaidi unaojibu swali lako la tatu, Shaaban Robert aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa karani wa serikali, akihamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Sasa huo msitu wenyewe. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuishi ndani ya msitu wa Kilimanjaro. Msitu wa hifadhi unaouzunguka mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hivyo unaongozwa na sheria za hifadhi za taifa, ambazo ni kali kuliko sheria za misitu mingine. Kati ya msitu na vihamba, katika sehemu nyingi, upo ukanda wa Nusu Maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuugusa msitu wa juu. Huo nao si mahali pa kujenga makazi. Kihamba ni jambo lingine, maana hiyo ni ardhi ya makazi na kilimo iliyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini umeandika "karibu kabisa na msitu", na mimi ninakuuliza: karibu kiasi gani? Kabla hujapeleka hata bati moja, mwombe mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja wa ukoo mtembee pamoja kwenye mpaka, muone vigingi vya hifadhi vilipo. Iwapo kibanda kimeangukia upande wa juu, usikikarabati hata kama kimesimama tangu enzi za babu. Tafuta nafasi chini yake.

Lipo pia suala la nani mwenye kihamba, na hili barua yako imelipita kimya. Kwa desturi ya Wachagga nyumba ya baba na kihamba chake mara nyingi humwendea kitinda mimba. Kama kitinda mimba si wewe, kimya cha ndugu zako leo si ruhusa. Kibanda kisichokaliwa hakina mgogoro, lakini siku moshi utakapoanza kuonekana juu ya paa lake, kila mwenye haki na asiye na haki atakumbuka. Itisha kikao cha familia, eleza unachokusudia na kwa muda gani, na maamuzi yaandikwe na kutiwa saini. Hakuna mwandishi anayemaliza sura ya tatu huku akisubiri wito wa baraza la ardhi.

Kuhusu maisha ya ndizi na maharage niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo miswada mingi hufia. Sisi tuliozoea mjini hudhani kwamba maisha yenye vitu vichache yana kazi chache. Yana kazi nyingi zaidi, kwa kuwa kila unachokilipia mjini kwa shilingi, kule unakilipia kwa saa. Kuni zinapasuliwa, na wakati wa masika zinapasuliwa zikiwa mbichi na zinawaka kwa kuzibembeleza. Mgomba unataka kusafishwa, shamba linalindwa dhidi ya ngedere, bomba likikauka unakwenda kwenye mfereji na ndoo. Mwezi Juni na Julai, ukungu unapoukalia mteremko siku baada ya siku, paneli ya sola haipati jua la kutosha, nguo hazikauki, na karatasi huota kuvu. Madaftari yako, Mwalimu, ambayo kwa sasa pengine yako kabatini mahali pakavu, yasipande mlimani kabla hujayapiga picha zote kwa simu na kuzihifadhi mahali pengine. Na yakipanda, yakae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, mbali na panya.

Kwa afya yako, kibanda kidogo cha mbao kisipikiwe ndani kwa kuni bila njia ya kutoa moshi. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 utakuokolea mapafu na muda, na hautakuondolea sifa ya kuishi na vitu vichache. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata siku moja, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na humuua mtu akiwa usingizini. Hilo silisemi kwa kutia chumvi. Watu hufa hivyo majira ya baridi.

Halafu kuna watu. Umesema umechoka nao, lakini kihambani huendi kuwakimbia. Miteremko ile ina watu wengi, nyumba ya jirani iko nyuma ya migomba michache tu, na habari kwamba mwalimu mstaafu amerudi itafika kanisani kabla hujafungua begi. Nimeona yanayowapata walimu wanaorudi kijijini. Ndani ya mwaka mmoja mwalimu anakuwa katibu wa kamati ya maji, mwandishi wa barua za ukoo, msomaji wa wasifu wa marehemu kwenye misiba na mlezi wa kwaya. Ni heshima, na huwezi kuikataa yote bila kuonekana una majivuno, lakini kila heshima ya namna hiyo inakula asubuhi moja. Kinachosaidia ni kwamba watu wa shambani wanaelewa vizuri sana maana ya mtu kuwa kazini asubuhi. Ukitangaza tangu mwanzo kwamba kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 wewe uko kazini, na ukafungua mlango saa 3 kamili kwa kila anayekuhitaji, watakuzoea. Ukijaribu kuweka mipaka hiyo mwaka wa pili, watasema umebadilika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha swali lako, yaani ni nini hasa kinachozalisha kurasa. Unadhani ni ukimya. Kwa ninavyowaona waandishi wangu, ukimya husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni saa ileile, mahali palepale, kila siku, hata kama ni saa moja tu. Akili iliyozoeshwa kwamba saa 11 alfajiri ni wakati wa kuandika huanza kazi kabla mwenyewe hajakaa vizuri, na jambo ulilokwama nalo jana hurudi likiwa limefunguka, kwa sababu ulilala nalo. Mtu akikaa wiki nzima bila kuugusa muswada, anaporudi hutumia muda mwingi kujikumbusha alikuwa anasema nini. Ndiyo maana anayeandika saa moja kila siku hufika mbali kuliko anayesubiri siku nzima ya Jumamosi.

Na hiyo kengele unayoichukia imekufanyia kazi usiyoiona. Kwa miaka yote hii imekuwa ikikukatia siku yako vipande vya dakika 40, na wewe umejifunza kumaliza jambo ndani ya kipande. Kengele itakapoondoka, siku itakuwa ndefu na haitakuwa na kingo. Walimu wengi huniambia kwamba miezi ya kwanza baada ya kustaafu, waliyoitarajia iwe ya kuandika, ilipita bila wao kujua ilikopita. Walihitaji kujitengenezea kengele nyingine kabla ya kuandika chochote. Ni afadhali uitengeneze sasa, ukiwa bado na ile ya shule.

Liko tatizo jingine ambalo msitu hauwezi kulitatua, nalo ni sauti ya ualimu. Naomba usikasirike. Muswada wa mwalimu naweza kuutambua kwa ukurasa mmoja: unaanza na historia ya ukoo, unaendelea na orodha ya shule alizopangiwa na majina ya wakuu wa shule hizo kwa mfuatano, na kila kisa kinapomalizika mwandishi anasimama kueleza tunajifunza nini. Mwalimu amefundishwa kueleza kabla ya kuonyesha, kurudia ili aliye nyuma naye aelewe, na kutomwacha mwanafunzi na shaka. Msomaji wa kitabu cha kumbukumbu hataki kufanyiwa hivyo. Anataka kumwona yule kijana aliyemaliza darasa la saba, aliyepewa mafunzo ya ualimu akiwa kazini na kukabidhiwa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Alikuwa amevaa nini, aliogopa nini, alifanyaje alipofika kwenye hesabu ambayo yeye mwenyewe haijui. Ukinionyesha hayo, nitajua mwenyewe la kufikiri kuhusu UPE.

Na kwa kweli hapo una hazina. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha lengo la elimu ya msingi kwa wote hadi kufikia mwaka 1977, na nchi ililazimika kupata maelfu ya walimu kwa muda mfupi sana. Mambo ya sera yameandikwa na wataalamu. Yalivyoonekana kutoka kwenye jiwe alilokalia mtoto wa darasa la kwanza, hayo hayajaandikwa vya kutosha, na wale vijana waliokufundisha sasa ni wazee. Kwa hiyo kazi yako ya dharura mwaka huu haiko kibandani. Iko katika kuwatafuta walimu hao wangali hai, ukae nao, uwarekodi kwa ruhusa yao, na uwaulize yale ambayo daftari lako halina. Kwa kazi hiyo unahitaji nauli na wikiendi zako, na watu uliosema umewachoka ndio wenye kitabu chako.

Tuje kwenye fedha. Kitabu kinaweza kumlisha mtu? Kwa nadra sana, na kitabu cha kwanza karibu kamwe. Mchapishaji wa kweli anawekeza fedha zake na kukulipa mrabaha, ambao kwa kawaida huwa karibu asilimia 10. Chukulia kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mkataba wako unahesabu kwa bei hiyo ya rejareja. Unapata shilingi 1,000 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 500 katika miaka miwili, na hayo si mauzo mabaya kwa kitabu cha kumbukumbu, umepata shilingi 500,000 kwa miaka miwili. Linganisha mwenyewe na mshahara wako wa mwezi mmoja. Mikataba mingine huhesabu kwa fedha anazopokea mchapishaji baada ya kuwapa wauzaji punguzo, na hapo kiasi kinapungua zaidi, kwa hiyo soma kifungu hicho kabla ya kutia saini. Njia iliyowahi kuwafaa walimu, ya kuandika vitabu vya kiada, nayo imekuwa nyembamba, kwa kuwa siku hizi vitabu vya kiada vya shule za umma huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Fuatilia tangazo la kila mwaka uone kama nyanja zake zinahusu aina ya kazi yako, ila tuzo haiwekwi kwenye bajeti ya nyumbani.

Hatari kubwa zaidi kwa mstaafu ni ile iliyompata Thoreau mwaka 1849. Mkupuo wa mafao ukishaingia benki, atatokea mtu wa kukuambia kwamba kwa milioni kadhaa utapata nakala 1,000 za kitabu chako na faida yake ni kubwa. Huyo ni mchapaji, anauza kazi ya karatasi na wino, na kazi yake inakwisha maboksi yakishashushwa sebuleni kwako. Hajakuhariri, hatakisambaza, na hasara si yake. Ukilazimika kujichapishia, chapa nakala chache, 50 au 100, uone zinaendaje kwanza. Mlipe mhariri kabla ya kumlipa mchapaji. Na namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kila kitabu, iombwe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo inayoitoa nchini.

Kuhusu mafao yenyewe, haki ya kustaafu kwa hiari unayo, kwa kuwa mtumishi wa umma anaweza kufanya hivyo kuanzia miaka 55 na hulazimika akifika 60. Lakini pensheni huhesabiwa kwa miezi uliyochangia na kwa mshahara wako, kwa hiyo kila mwaka unaoukata sasa unakatwa kwenye malipo ya kila mwezi ya maisha yako yote. Uwiano wa kinacholipwa kwa mkupuo ulibadilishwa mwaka 2022 na ukabadilishwa tena mwaka 2024, hivyo usiongozwe na alichopata mwenzako aliyestaafu zamani. Nenda wewe mwenyewe katika ofisi ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na kitambulisho na hati za mshahara, uombe wakupigie hesabu mbili: ukiondoka mwaka huu, na ukiondoka ukiwa na miaka 60. Uliza pia uanachama wako wa bima ya afya utakuwaje. Karatasi hizo mbili uzipeleke nyumbani, mzisome pamoja na mkeo kabla ya barua yoyote kwenda kwa mwajiri.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba, ni kwamba usistaafu kwa sababu ya kitabu. Kama una sababu nyingine nzito, afya kwa mfano, hilo ni jambo jingine na sina la kulisemea. Lakini kwa kitabu pekee, miaka minne iliyobaki inakutosha kuandika muswada mzima bila kupoteza mwezi hata mmoja wa michango, na mtoto wako atakuwa amemaliza chuo. Sitaki kukudanganya kwamba njia hii haina gharama. Utakuwa umechoka, kutakuwa na mitihani ya kusahihisha, na zitakuwapo wiki ambazo saa yako ya alfajiri itaibwa na ratiba ya shule. Pia hakuna aliyeahidiwa miaka minne, na najua hilo ndilo linalokukimbiza. Ndiyo maana nasema uanze wiki hii, na wazee wako wa UPE wawe wa kwanza.

Kihamba kijaribu wakati wa likizo. Nenda likizo ya Juni, wakati wa baridi na ukungu, usisubiri Desemba ambapo kila Mchagga amerudi nyumbani na mlima mzima ni sherehe. Kaa likizo nzima, upike mwenyewe, uandike saa zako. Ukirudi mjini na kurasa, na ukatamani kurudi huko, utakuwa umejifunza jambo la kweli kuhusu wewe mwenyewe. Ukirudi na ndizi na kikohozi, pia utakuwa umejifunza, na hutakuwa na fomu ya kustaafu ya kufuta. Mwalike shemeji apande angalau Jumapili moja. Sidhani kama anakataa kitabu. Barua yako inaonyesha kwamba ulimpa habari ya kuhama peke yako, na mke yeyote aliyeambiwa hivyo atasikia anaachwa kabla hajasikia habari ya kuandika. Mweleze mpango wenye tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, uone kama atajibu vilevile.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba umechoka na watu. Uchovu wa kazi hupungua mtu akipumzika, na likizo itakuonyesha. Lakini ikiwa uchovu huo umekuja pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kisicho na ladha, kutojali hata mambo uliyoyapenda, au mawazo kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, basi usiende kukaa peke yako mlimani kwa sasa, na usisubiri Juni. Nenda hospitali ya mkoa, Mawenzi, au kituo chochote kilicho karibu nawe, umwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Mimi ni mhariri, na hilo haliwezi kutibiwa kwa barua wala kwa kuhama. Ikiwa mawazo ya kutokuwepo yanakujia sasa, mwambie mkeo leo na akusindikize.

Kama si hivyo, anza na mwalimu mmoja aliyekufundisha darasa la kwanza, au aliyebaki hai kati yao. Andika mkutano wenu kwa kurasa 10, bila utangulizi na bila kueleza tunajifunza nini, kisha mpe mhariri au mwandishi mzoefu hapo Moshi au huku Arusha azisome mkiwa mmekaa pamoja, kalamu ya risasi mkononi. Kurasa 10 zilizosomwa hivyo zitakusaidia kuliko 300 zilizopelekwa kwa mara moja.